Upele, ukurutu na mimea ya nyanda zetu za juu: kilichopimwa na kisichopimwa

Kila mwaka baridi ya Juni inapoanza kushuka kutoka Kitulo, maswali kuhusu ngozi hunijia kwa wingi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya bweni huku Mufindi, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wala si daktari, lakini anayefundisha habari za mimea na za mwili wa binadamu huulizwa pia yote yaliyo kati ya mambo hayo mawili. Mzazi anataka kujua kama mwarobaini unafaa kwa vipele vya mtoto wake. Jirani amepanda shubiri mbele ya nyumba na anaipaka kila penye muwasho. Mwanafunzi amerudi kutoka likizo na chupa ya maji ya majani aliyopewa na bibi yake, na hajui majani yenyewe yanaitwaje. Ninaandika makala hii kwa sababu majibu mawili yaliyozoeleka hayaniridhishi. Wapo wanaosema kuwa dawa ya shambani haina madhara kwa sababu wazee waliitumia, na wapo wanaoidharau dawa hiyo hiyo kwa sababu tu imetoka shambani. Wote wamehukumu kabla ya kutazama ushahidi, ilhali ushahidi upo, na kwa baadhi ya mimea ni mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kuuliza ni jani gani linatibu vipele, tuulize vipele hivyo ni vya ugonjwa gani. Harara inayowapata watoto wa Kyela na Usangu katika miezi ya joto haina uhusiano na ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, unaowasumbua watoto wa Makete na Njombe hewa inapokauka kwa baridi. Choa kinachoenea mwilini katika unyevu wa Tukuyu husababishwa na fangasi. Upele unaohama kutoka kitanda hadi kitanda katika mabweni yetu husababishwa na utitiri, mdudu mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho. Mkanda wa jeshi husababishwa na kirusi cha tetekuwanga kilichokaa mwilini kwa miaka mingi. Magonjwa haya yote huwasha au kuuma, yote hutoa vipele, na mengi huanza kwa kufanana. Hakuna jani moja linaloweza kuua fangasi, kuua utitiri, kutuliza mzio na kuziba ngozi iliyokauka kwa wakati mmoja, na anayeuza jani la namna hiyo sokoni anauza matumaini.

Nianze na upele wenyewe, kwa kuwa ndio ninaokutana nao zaidi kazini na kwa kuwa historia ya dawa yake inapita karibu sana na mashamba yetu. Utitiri jike huchimba kijihandaki ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Kwa kawaida mtu mmoja huwa na wadudu wachache tu, kati ya 10 na 15, lakini mwili wake hupambana nao kwa mzio mkali, na ndiyo maana muwasho huwa mkubwa kuliko idadi yao, hasa usiku. Anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila dalili yoyote huku akiwaambukiza wenzake. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na linakadiria kuwa wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao.

Dawa inayotumika zaidi duniani dhidi ya upele ni krimu ya permethrini ya asilimia 5, na asili yake ni ua. Anayeijua barabara ya kutoka Mafinga kwenda vijiji vya juu, au miteremko ya Mbeya Vijijini na Makete, ameliona ua hilo: ni pareto, maua meupe yenye kitovu cha manjano, yanayochumwa kwa mikono na kuanikwa kabla ya kupelekwa kiwandani Mafinga. Ndani ya ua hilo mna kemikali ziitwazo pairethrini, ambazo huvuruga mishipa ya fahamu ya wadudu. Wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha uchunguzi wao juu ya maumbo ya kemikali hizo mwaka 1924, na baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Udhaifu wa pairethrini ni kwamba mwanga wa jua huziharibu upesi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, iliyotengenezwa kwa kuiga umbo la kemikali za pareto lakini ikiwa na uwezo wa kustahimili mwanga. Kutokana na kazi hiyo tukapata dawa za mashambani, dawa za vyandarua na hatimaye krimu ya upele.

Historia hii naipenda kwa sababu inawajibu watu wa pande zote mbili. Anayeidharau mimea na ajue kwamba dawa anayoiamini imeigwa kutoka kwenye ua linalochumwa na mama wa kijiji cha jirani. Na anayedhani kwamba kwa sababu hiyo anaweza kuponda maua ya pareto na kumpaka mtoto, asifanye hivyo kamwe, kwani ua bichi au lililokaushwa lina vitu vingine pamoja na pairethrini, na baadhi ya vitu hivyo husababisha mzio wa ngozi. Wanaochuma na kuanika pareto kwa muda mrefu wanaweza kupata wekundu na malengelenge mikononi na usoni kwa sababu hiyo. Safari ya kutoka ua hadi krimu ilikuwa ya kuchuja, kupima na kujua kipimo, na safari hiyo haiwezi kurukwa kwa kutumia kinu cha nyumbani.

Kwa vile upele ni tatizo la kila siku, niseme wazi unavyotibiwa, maana hata dawa nzuri hushindwa ikitumiwa vibaya. Watu wote wanaolala nyumba moja au bweni moja hupakwa siku moja, awe anawashwa au hawashwi. Dawa hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na kati ya vidole, chini ya kucha na sehemu za siri. Permethrini huachwa mwilini saa 8 hadi 14 kisha huoshwa, na upakaji hurudiwa baada ya wiki moja hivi. Pasipo permethrini, zipo losheni nyeupe ya BBE (benzili benzoeti) na marhamu ya salfa, ambazo zinapatikana kwa urahisi zaidi huku kwetu. Kwa watoto wachanga na wajawazito, mtaalamu wa afya ndiye anayechagua. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa vizuri, na visivyofulika hufungwa ndani ya mfuko kwa siku kadhaa, kwani utitiri ukiwa nje ya mwili haumalizi zaidi ya siku 3 hivi. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata baada ya wadudu wote kufa. Wengi hawalijui hili, hivyo huacha dawa iliyokwisha kufanya kazi na kuhamia kwenye mitishamba. Muwasho ukiisha wenyewe wiki ya tatu, sifa zote hupewa jani.

Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo chanzo cha shuhuda nyingi za dawa za asili na, kwa kweli, hata za dawa za dukani. Vipele vya aina nyingi hupona vyenyewe. Tetekuwanga humalizika kwa wiki moja au mbili. Upo ugonjwa mwingine wa ngozi unaoanza kwa baka moja kubwa kifuani au mgongoni, kisha ukamwaga vibaka vidogo mwili mzima, nao hutoweka wenyewe baada ya wiki 6 hadi 8. Ukurutu nao hupanda na kushuka. Mtu hutafuta dawa siku ambazo hali ni mbaya kabisa, na mara nyingi baada ya hapo hali ingeshuka hata kama asingepaka chochote. Kwa hiyo kauli ya kweli kabisa kwamba mtu alipaka na akapona bado haituelezi kama kilichomponya ni kile alichopaka. Ndiyo maana watafiti hugawa wagonjwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa dawa na jingine likapewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani yake.

Mfano mzuri wa faida ya utaratibu huo ni shubiri. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 60 wenye soriasisi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba meupe. Kati ya 30 waliopaka krimu yenye dondoo la shubiri, 25 walipona, na kati ya 30 waliopaka krimu tupu, walipona 2. Mtu angeweza kuishia hapo na kutangaza ushindi. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walijaribu ute wa shubiri kwa wagonjwa wapatao 40 wenye ugonjwa huo huo, wakipaka shubiri upande mmoja wa mwili na ute usio na shubiri upande mwingine. Ute usio na shubiri ulifanya vizuri kidogo kuliko wenye shubiri. Tafiti hizi mbili hazikutumia dawa ya aina moja, kwani ya kwanza ilikuwa krimu yenye dondoo na ya pili ilikuwa ute wa kibiashara, na huenda sehemu ya nafuu ilitokana na unyevu tu. Ninachoweza kusema kwa dhamiri safi ni kwamba ute mweupe wa shubiri hupoza, hulainisha na kwa kawaida hauna madhara kwenye ngozi isiyo na jeraha kubwa, lakini kuuita tiba ya soriasisi au ya ukurutu ni kwenda mbali kuliko ushahidi ulipofika. Anayeutumia aache kwanza utomvu wa manjano unaotiririka chini ya ganda la jani udondoke na kuisha, kisha aoshe ule ute, kwa sababu utomvu huo huchoma ngozi za baadhi ya watu na ukinywewa huharisha vibaya.

Mwarobaini haupendi baridi yetu. Majani mengi yanayouzwa katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, au katika soko kuu la Iringa hutoka sehemu za joto, na bei yake hupanda kila uvumi wa ugonjwa unapozuka. Utafiti unaonukuliwa zaidi kuhusu mwarobaini na upele ulifanyika India na kuchapishwa mwaka 1992. Watu 814 walipakwa mchanganyiko wa majani ya mwarobaini na manjano yaliyosagwa, na asilimia 97 wakaripotiwa kupona ndani ya siku 3 hadi 15. Ni matokeo ya kutia moyo sana, na mimi nayachukulia kwa uzito. Hata hivyo utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishia, na watafiti wenyewe waliuita wa majaribio ya awali. Maabara zimethibitisha kuwa mwarobaini una kemikali zinazodhuru wadudu na fangasi wa aina mbalimbali, kwa hiyo madai ya wazee yana msingi. Kinachokosekana ni ulinganisho mzuri na permethrini au BBE kwa wagonjwa walio wengi. Mzazi akiwa na dawa zilizothibitishwa karibu, sioni sababu ya kuanza na majani. Kuhusu kunywesha watoto, sina nafasi ya kuvumilia. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Malaysia ya watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa kinywa wakapata sumu iliyoathiri ini na ubongo. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto, kwa kipimo chochote na kwa ugonjwa wowote.

Sasa nifike kwenye mafuta, ambako naona nyanda zetu za juu zina utajiri ambao hatujautumia ipasavyo. Ukurutu kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa ngozi iliyoshindwa kushika maji yake. Tabaka la juu la ngozi lina seli zilizounganishwa kwa mafuta ya asili. Mafuta hayo yakipungua, maji hutoka, vichocheo vya mzio huingia, na mwili hujibu kwa wekundu na muwasho. Baridi kavu ya Juni na Julai, maji ya moto sana ya kuogea, sabuni ya kufulia inayotumika pia mwilini, sweta la sufu linalogusa ngozi moja kwa moja na kukaa karibu mno na moto jikoni, vyote huongeza ukavu huo. Ndiyo maana mafuta ya kupaka ni sehemu ya matibabu yenyewe, wala si urembo.

Lakini mafuta hayafanani. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walipaka watu wazima mafuta ya zeituni mkono mmoja na ya alizeti mkono mwingine kwa wiki 4. Mafuta ya zeituni yaliharibu uimara wa tabaka la juu la ngozi, ilhali ya alizeti yalilihifadhi na kuongeza unyevu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba zeituni lina asidi ya oleiki kwa wingi, ambayo hupenya na kutawanya mafuta ya asili ya ngozi, ilhali alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki, ambayo mwili huihitaji katika kujenga tabaka hilo. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto njiti waliosingwa kwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi kwa asilimia 41 pungufu kuliko wasiosingwa. Hata hivyo utafiti wa Manchester wa mwaka 2016 kwa watoto wachanga waliozaliwa kwa wakati uligundua kuwa mafuta yote mawili, zeituni na alizeti, yalichelewesha ukuaji wa mpangilio wa mafuta ya ngozi. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye ngozi nzuri hahitaji kusingwa kila siku, na mwenye ukurutu afuate ushauri wa kliniki. Kwa mtu mzima au mtoto mkubwa mwenye ngozi kavu, alizeti safi ni chaguo la heshima, nalo linakamuliwa Iringa na Mbeya kwa wingi.

Mafuta ya nazi nayo yana ushahidi mzuri. Nchini Ufilipino, watoto 117 wenye ukurutu wa kiasi walifuatiliwa kwa wiki 8, na utafiti ukachapishwa mwaka 2014: waliopaka mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto walipungukiwa na dalili kwa asilimia 68, na waliopaka mafuta ya madini kwa asilimia 38. Parachichi, ambalo sasa limekuwa dhahabu ya Njombe na Rungwe, nisingelipa sifa hizo kwa sasa. Mafuta yake yana asidi ya oleiki nyingi kama zeituni, na utafiti wa soriasisi unaotajwa mara kwa mara ulihusisha wagonjwa 13 tu waliopaka krimu iliyochanganya parachichi na vitamini B12, kiasi kwamba haiwezekani kutenga kazi ya parachichi peke yake. Mzazi asiye na uwezo wa kununua kingine, mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato yanatosha kabisa. Yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu, na yarudiwe jioni. Yasitarajiwe kuzuia ugonjwa kwa mtoto ambaye hajaupata, kwa sababu utafiti mkubwa wa Uingereza uliowafuatilia watoto karibu 1,400 na kuchapishwa mwaka 2020 haukuona kinga yoyote.

Chai yetu ya Rungwe na Mufindi pia ina nafasi yake. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2019 taarifa ya wagonjwa 22 wenye ukurutu au mzio wa usoni waliowekewa vitambaa vilivyochovywa kwenye chai nyeusi iliyopoa, pamoja na krimu ya kulainisha, na wengi walipata nafuu ndani ya siku chache. Hapakuwa na kundi la kulinganishia. Chai ina tanini, ambazo hukaza na kukausha ngozi inayotoa majimaji, na kitambaa chenye unyevu hupoza muwasho. Kwa kuwa gharama yake ni ndogo na hatari yake ni ndogo, naiona ni njia ya busara ya kumtuliza mtu akiwa njiani kwenda zahanati, mradi chai iwe haina sukari wala maziwa.

Kuna mimea mingine ambayo siwezi kuizungumzia kwa upole huo. Kitunguu saumu kina kemikali iitwayo ajoeni inayoua fangasi kweli: huko Venezuela, katika utafiti wa askari 60 wenye choa uliochapishwa mwaka 1999, jeli ya ajoeni iliponya asilimia 77 na krimu ya terbinafini, dawa ya fangasi ya dukani, asilimia 75. Ila ajoeni iliyopimwa ndani ya jeli si sawa na kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwenye ngozi usiku kucha. Hicho huunguza, na taarifa za watoto na watu wazima waliopata malengelenge ya moto kwa sababu hiyo ni nyingi katika majarida ya tiba. Ndimu na limao ni hatari kwa njia nyingine. Maji yake yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi husababisha kuungua na kuacha madoa meusi kwa miezi, na jua la kwetu milimani ni kali hata siku ya baridi. Ndulele, ambazo watu husugulia choa kila mahali Afrika Mashariki, zina kemikali zenye nguvu za kundi la alkaloidi, na kemikali za jamii hiyo zimechunguzwa kwa magonjwa ya ngozi. Lakini tunda hilo ni sumu likiliwa, na nguvu yake hutofautiana kutoka kichaka hadi kichaka na kutoka tunda bichi hadi lililoiva. Mtoto anayejisugua ndulele kisha akala kwa mkono huo huo yupo hatarini, na krimu ya fangasi ya bei ndogo kutoka duka la dawa muhimu ingemaliza kazi kwa wiki 2 hadi 4.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote, hata hivyo, si ya jani bali ya kopo. Zinauzwa marhamu zinazoitwa za asili, zisizo na orodha ya vilivyomo, ambazo huondoa vipele kwa siku mbili. Mwaka 1999 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizokuwa zikitolewa kwa wagonjwa wa ngozi. 8 kati yake zilikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na mzio, bila wagonjwa kuambiwa. Steroidi ina kazi yake halali katika kutibu ukurutu, ikichaguliwa kwa nguvu inayofaa na kutumiwa kwa muda uliopangwa. Ikitumiwa bila kujulikana hukondesha ngozi, huacha michirizi, na ikipakwa juu ya choa huficha wekundu huku fangasi wakienea, hata mganga wa zahanati akashindwa kuutambua ugonjwa. Dawa ya asili inayofanya kazi upesi kupita kiasi na kurudisha vipele kwa ukali mara tu inapoachwa ni ya kutiliwa shaka.

Wapo wagonjwa ambao hawapaswi kusubiri jani lolote. Kwanza ni mtoto mchanga mwenye vipele na homa. Yupo pia aliyepata vipele baada ya kumeza dawa mpya, hasa za kundi la salfa (sulfonamidi, si salfa ile ya marhamu) au za kifafa, akaanza kuwa na vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inayochubuka. Huyu aache dawa hiyo na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye baka lenye rangi hafifu lisilohisi mguso wala joto apimwe ukoma, ambao matibabu yake ni bure na huponya kabisa. Vidonda vyenye ganda la manjano kwa watoto visipuuzwe, kwa sababu baadhi ya bakteria wanaovisababisha huweza kuleta ugonjwa wa figo wiki chache baadaye.

Nalitaja jambo jingine kwa uzito, kwa kuwa linaihusu mikoa yetu kuliko mingine. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022–2023 uliweka kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Mkanda wa jeshi kwa kijana, au vipele vigumu vinavyowasha mikononi na miguuni kwa miezi bila kupona, vinaweza kuwa ishara ya mwanzo ya kinga iliyoshuka. Nimewaona watu wakizunguka kwa waganga mwaka mzima wakitafuta dawa ya muwasho, na wengine wakiambiwa wamerogwa, wakati kipimo cha dakika chache kingewaanzishia matibabu ambayo yangeuondoa hata huo muwasho.

Sisemi haya kwa kuwapuuza waganga wa tiba asili. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa chini yake ndilo linalosajili waganga. Taasisi ya Tiba Asili iliyopo Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na wanasayansi wake wamekusanya na kupima mimea mingi ya Tanzania. Kupima kwao huanzia maabara, na hapa msomaji ajihadhari na habari za magazeti: dondoo lililotolewa kwa spiriti na kuua fangasi ndani ya kisahani ni hatua ya kwanza tu, kwa sababu bibi huchemsha kwa maji, kipimo chake ni tofauti, na ngozi ya binadamu si kisahani. Mganga mwaminifu, na ninawafahamu walio hivyo, hukubali kusema jina la mmea, sehemu anayoitumia, na magonjwa asiyoyatibu. Kwa upande wa hospitali, tatizo letu ni uchache wa wataalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu hao tangu 1992, lakini mgonjwa wa kijiji cha Ludewa bado husafiri mbali kumpata mmoja.

Anayesafiri hivyo na afanye maandalizi mawili. Siku mbili tatu kabla ya kuonwa asipake kitu chenye rangi, kama manjano au dawa ya zambarau, kwa sababu huficha sura ya vipele. Kisha abebe kila alichotumia: kopo la marhamu hata kama limeisha, na tawi la mmea lenye majani, pamoja na ua au tunda lake likipatikana, likiwa limebanwa ndani ya gazeti ili lisinyauke vibaya. Majina ya mimea hubadilika ukivuka mto kutoka kwa Wahehe kwenda kwa Wasangu au Wanyakyusa, lakini tawi lenye ua humwezesha mtaalamu wa mimea kuutambua mmea huo na kumweleza daktari ni nini kilichogusa ngozi ya mgonjwa.